Sura ya Saba: Bahari Mbili za Mwalimu Isurugi

Kurasa mbili zililazwa juu ya meza ndefu, na msichana yuleyule alisimama katika zote mbili.

Ni Oshino, mbeba chumvi. Amefika kileleni mwa njia ya mlima, mzigo ungali mgongoni, na kule chini, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, anaiona bahari. Hasemi kitu. Upepo umeinua nywele zake na kamba ya mzigo imemkata begani, lakini macho yake yamesahau bega. Inspekta Kuroiwa wa kituo cha polisi cha mtaa wa Kanda hakuwa msomaji wa manga, zile hadithi za Kijapani za michoro, ila hata yeye aliujua ukurasa ule, kwa sababu kinyozi wake alikuwa ameubandika pembeni mwa kioo, na kila mteja aliyekaa pale kunyolewa alitazamana na Oshino.

"Mmoja ni wa kweli," alisema Mkurugenzi Katsuragi. "Mwingine ni wa mwizi. Na mwizi tunaye humu ndani."

Alisema bila kumtazama Ushio. Hakuwa na haja ya kumtazama. Katika chumba kile cha orofa ya tatu walikuwa watu wanne tu: mkurugenzi, Bi Nagase mtunza hifadhi, inspekta mwenyewe, na huyo Ushio, kijana mrefu aliyekaa mwisho wa meza, mikono magotini, shingo imenyooka kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumatatu msomaji mmoja aliipigia simu nyumba ya uchapishaji ya Kumoisha akiwa amekasirika: mbona ukurasa halisi wa hadithi ya *Wabeba Chumvi* unauzwa katika duka la vitabu vikuukuu, uchochoro wa nyuma huko Jinbocho? Bi Nagase alikimbilia hifadhini. Ukurasa ulikuwamo, katika bahasha yake, katika droo yake. Akakimbilia dukani. Ukurasa ulikuwako huko pia, umening'inizwa ukutani, na polisi wakauchukua kama ushahidi. Kwa miaka yote tangu uchapishwe, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuutoa hifadhini: Ushio Rentaro, mhariri wa Isurugi, mchoraji ambaye wote humwita Mwalimu; Ushio aliuchukua majira ya machipuko, miaka mitatu nyuma, ili upigwe picha kwa ajili ya kitabu cha kumbukumbu. Kesho asubuhi wakurugenzi wangekutana. Ushio angefukuzwa, na jalada lake lingekwenda kwa mwendesha mashtaka.

Kuroiwa alikuwa amepanda ngazi za jengo lile kwa miguu, kama desturi yake, kwa kuwa lifti haimwonyeshi mtu kitu. Orofa ya kwanza aliona magunia ya kadi za wasomaji yamefika dari, na wanafunzi wa chuo wameketi sakafuni wakizisoma moja moja. Orofa ya pili, simu nane zililia pamoja na zote zikajibiwa. Chini ya dawati moja zilitokeza soksi za mhariri aliyelala, koti usoni, na wenzake walimruka kwa adabu kama wanaruka kidimbwi. Ukutani hapakuwa na picha hata moja ya mwenye mali. Zilikuwako picha za waandishi na wachoraji peke yao, tangu yule wa kwanza aliyechora akiwa na sare ya shule. Kuroiwa alishaingia benki nyingi, wizara nyingi, na makao makuu ya polisi wenyewe. Hakuwahi kuona nyumba iliyowatundika wafanyakazi wake ukutani na kuwaacha mabosi nje.

"Kwa nini unasema wa dukani ndio wa kweli?" aliuliza.

Katsuragi alivaa miwani. Kabla ya kuwa mkurugenzi alikuwa mhariri wa Isurugi yeye mwenyewe, na alipouinamia ule ukurasa uso wake ulipungua miaka.

"Tazama huu mstari wa upepo. Mwigaji huogopa mwisho wa mstari, Inspekta. Akifika pale hukanyaga breki. Mwalimu hakanyagi. Mkono wake unaruka, kama mtu anayeshuka treni kabla haijasimama. Huu ni mkono wake. Naapa mbele ya hakimu yeyote."

"Na huu wa hifadhini?"

"Huu..." Katsuragi alisita. "Unaruka vilevile. Mwigaji hodari sana."

"Lakini wa hifadhini una maneno ya msimulizi ya chapa yaliyobandikwa, na kingo zina alama za vidole vya wachapaji. Wa dukani maneno yake ni ya penseli tu."

"Maneno ya chapa mhariri anaweza kuyaagiza tena kwa simu moja. Vidole? Shika ukurasa ukiwa umetoka kula chips, utapata vidole. Mambo ni rahisi, bwana. Mwalimu alichora ukurasa mmoja. Kurasa ziko mbili. Wa dukani ni wake. Basi wa hifadhini ni wa uongo, na aliyeuingiza ni yule aliyewahi kuutoa."

"Labda aliuchora mara mbili."

Bi Nagase aliziba mdomo kwa kiganja. Katsuragi hakujizuia; alicheka mpaka miwani ikashuka puani.

"Inspekta wangu! Mwalimu Isurugi anatoa kurasa kumi na tisa kila wiki. Kila wiki, miaka kumi na minne. Huyu Ushio hulala kizingitini pake akisubiri wino ukauke. Mwalimu meno yanamuuma, hana nafasi ya kwenda kung'olewa. Mtu kama huyo akae achore ukurasa ambao umeshachapishwa? Afadhali uniambie nyangumi kapanda ngazi zetu kuja kuomba kazi."

Mwisho wa meza, Ushio hakucheka. Kuroiwa aliliandika hilo kichwani.

*

Aliomba aachwe naye peke yao. Bi Nagase aliwaletea chai na kufunga mlango.

"Kunywa," alisema Kuroiwa.

"Asante, Afande. Nimetosheka."

"Uliiba?"

"Sikuiba."

"Ukurasa uliuchukua?"

"Niliuchukua. Ulipigwa picha. Niliurudisha huohuo niliouchukua."

"Kwa hiyo wa hifadhini ndio halisi."

"Ndiyo."

"Basi huu wa dukani kauchora nani?"

Ushio alitazama kikombe. "Sina la kusema."

"Mara ya kwanza kuuona ilikuwa lini?"

"Sina la kusema."

Kuroiwa aliegemea kiti. Amewahoji wezi kwa miaka ishirini. Swali lile la mwisho ni zawadi. Mwizi angelidaka kwa mikono miwili: *Jumatatu, Afande, kama wote!* Huyu alipewa mlango wazi akakataa kutoka, kwa sababu kutoka kungemlazimu aseme uongo. Hataki kusema ukweli, na hataki kusema uongo. Mtu wa namna hiyo huwa amebeba mzigo usio wake.

"Una wazazi?"

"Mama. Yuko Shizuoka. Analisoma *Tsubame* kila likitoka." *Tsubame* ndilo jarida lao la kila wiki, nakala milioni mbili. "Mwalimu akikosekana hata wiki moja, ananipigia simu: 'We mtoto, mtu wa watu umemfanya nini?'"

"Kesho akisikia umefukuzwa kwa wizi atasema nini?"

Shingo iliyonyooka ilitikisika kidogo tu.

"Atalia," alisema Ushio. "Lakini sina la kusema."

*

Duka lilikuwa na upana wa mlango wake. Mwenye duka, Mzee Tatebayashi, alikuwa anakula tonge la wali lililofungwa mwani, na hakuliweka chini kwa ajili ya polisi.

"Nimeshawaambia wenzako. Uliletwa pamoja na majarida, furushi moja. Mjomba wa mtu kafariki huko Nagaoka, mpwa kaifagia nyumba, kauza kila kitu hadi kamba za kuanikia nguo. Mimi nimenunua karatasi. Kosa langu liko wapi?"

"Hakuna aliyesema una kosa, Mzee."

"Uso wako unasema."

"Uso wangu ndivyo ulivyozaliwa. Furushi bado unalo?"

Mzee alionyesha kona kwa kidevu. Majarida ya *Tsubame* yalirundikwa pale, mazito kama matofali, kurasa zake za rangi rangi, waridi na kijani na manjano, zimechujuka pembeni. Kuroiwa alichuchumaa akaanza kuyapekua. Hakujua anatafuta nini. Ndiyo sababu alianzia chini.

Jarida la kwanza, karibu na jalada la nyuma, lilikuwa na ukingo mdogo uliokatwa. La pili vilevile. La tatu. Pale ndipo huwekwa kadi ya maoni, ile ambayo msomaji huijaza hadithi tatu alizozipenda na kuipeleka posta. Wengi huinyofoa kwa vidole, na wengi zaidi hawajisumbui. Huyu aliikata kwa wembe na rula, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, ukingo umenyooka kama ubao uliopigwa randa.

"Msomaji wa kweli huyu," alinong'ona.

"Eh? Unasema nami?"

"Nasema na marehemu."

Alizidi kupanda. Karibu na juu ya rundo mkono wake ulisimama. Toleo la machipuko, miaka mitatu nyuma. Mahali pa *Wabeba Chumvi* palikuwa na kisanduku cheupe: *Mwalimu Isurugi ni mgonjwa. Tunawaomba radhi wasomaji wetu.* Hata humo kadi ilikatwa, ingawa mara hii wembe ulipinda, ukaenda kombo, ukachana na ukurasa uliofuata. Akafungua toleo la baada yake. Kadi ilikuwamo, haijaguswa. La baadaye pia. Na la baadaye.

Kuroiwa alikaa sakafuni kabisa, koti na heshima yake vyote vumbini.

Mtu hakosi kadi hata moja kwa miaka kumi. Kisha mkono wake unapinda. Kisha haandiki tena, ila jarida anaendelea kulinunua. Angechukizwa na hadithi, angeacha kununua. Angekufa, angeacha vyote. Huyu bado aliitaka hadithi. Alichokosa ni kuandika. Na mkono wa kukata haukuwa dhaifu, ukataji ulikuwa mzito uleule. Ulikuwa unakata bila kuona.

Na wiki hiyohiyo Mwalimu Isurugi "aliugua". Na wiki hiyohiyo, kama alivyosema Bi Nagase, Ushio aliutoa ukurasa hifadhini.

"Mzee," alisema Kuroiwa akiinuka, "marehemu alikuwa kipofu?"

Tatebayashi aliacha kutafuna. "Mpwa alisema. Seremala, macho yakamwishia uzeeni. Nikamuuliza, kipofu anafanyaje na majarida? Akasema jirani alikuwa anamsimulia picha. We umejuaje?"

"Kanambia mwenyewe," alisema Kuroiwa, na kuomba karatasi ya kuufungia ule ukurasa aliokuwa ameubeba kutoka Kumoisha.

*

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa Nerima, nyuma ya shamba la kabichi. Aliyefungua mlango ni mwanamke wa makamo mwenye doa la wino kidevuni na kalamu imechomekwa kwenye nywele. Ndiye Wakui, msaidizi mkuu.

"Kama unauza bima, wote humu tumeshakufa."

Kuroiwa alionyesha kitambulisho. Wakui hakusogea.

"Polisi sawa. Mwalimu haonekani mpaka kurasa ziishe. Hata mfalme wa mbinguni akija, atavua viatu akae hapo asubiri."

"Nimekuja kukuona wewe, dada."

"Mimi?" Alicheka. "Ingia basi, maana huko nje unaingiza baridi."

Chumba kilikuwa na meza nne, wasaidizi watatu wameinama, kimya kikikwaruzwa na ncha za chuma. Ukuta mmoja ulikuwa mlango wa karatasi, na nyuma yake kivuli cha mtu mdogo kilikwenda na kurudi. Mmoja wa wasaidizi alikuwa anachora majani ya msonobari, jani kwa jani, mlima mzima, na Kuroiwa alijikuta anatembea kwa ncha za vidole. Hii ndiyo kazi ambayo kinyozi wake huifungua kwa dakika mbili akisubiri mteja.

"Unaweza kuchora kama Mwalimu?" alimuuliza Wakui kwa sauti ndogo.

"Milima yote ya *Wabeba Chumvi* ni yangu. Mawingu yangu. Bahari unayoililia ni yangu. Nikitaka namchora na Oshino mwenyewe ukashindwa kutofautisha."

"Hivyo mwigaji unaweza kuwa wewe."

Kalamu za chumba kizima zilisimama. Wakui alimtazama tangu viatuni mpaka juu.

"Unajua kutongoza wewe. Lete hicho kitu."

Kuroiwa aliufungua ukurasa wa dukani. Wakui hakuutazama kwa mbele. Aliuchukua moja kwa moja dirishani, akaugeuza, akauacha mwanga wa saa sita uupenye kwa nyuma.

"Njoo. Unaona hapa kwenye nywele nyeusi? Na hapa kwenye kivuli cha mwamba? Ndani ya weusi."

Kuroiwa alikaza macho. Ndani ya wino, kama mifupa ndani ya mkono ulioinuliwa juani, vilionekana vijisalaba vidogo vya penseli. Kimoja kwenye nywele, kimoja kwenye mwamba, kimoja kwenye kivuli cha mzigo.

"Mwalimu hajazi weusi," Wakui alisema. "Hana muda. Anaweka msalaba, maana yake: hapa jaza. Sisi tunajaza. Ningekuwa mimi naiga, msalaba wa nini? Najiagiza mwenyewe? Anayeweka msalaba ni mtu aliyezoea kuwa na watu nyuma yake. Humu ndani ni mmoja tu." Sauti ilibadilika. "Huu ni wake. Lakini..."

"Lakini?"

"Nani huyu kaharibu? Tazama! Wino umefurika nje ya mstari, hapa, na hapa, na hapa sikioni. Huyu kashika brashi kama kashika mwiko wa uji. Mtu wangu yeyote akijaza hivi namrudisha kwao. Na bahari si yangu. Mwalimu kaichora peke yake."

"Ule wa hifadhini ulijazwa na nani?"

"Mimi. Hauna tone nje."

Basi hapo Kuroiwa alikuwa na yote, na aliuliza swali lake la mwisho polepole, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa mezani.

"Wiki ile Mwalimu alipougua, machipuko yale, ninyi mlikuwa wapi?"

"Alituruhusu twende Hakone, kwenye maji ya moto. Tukaubariki ugonjwa wake."

"Nani alibaki kumuuguza?"

"Nani tena? Ushio. Siku zote ni Ush..."

Wakui hakumaliza. Alitazama sikio la Oshino, pale wino ulipofurika, kisha akatazama mlango wa karatasi.

"Mwalimu amejua?" aliuliza Kuroiwa. "Kwamba Ushio anashtakiwa?"

"Hajui." Alikuwa ananong'ona sasa. "Tulijua sisi tangu Jumatatu. Ofisi ilisema asiambiwe mpaka kurasa ziingie. Ndivyo tufanyavyo. Mama yake alipofariki tulimwambia baada ya ukurasa wa mwisho, na alitushukuru."

Kivuli nyuma ya karatasi kilikuwa kimesimama. Mlango ukatelezeshwa. Mwalimu Isurugi alikuwa mtu mdogo, mvi kichwani kama amemwagiwa unga, na shavu moja limevimba kwa jino.

"Mnazungumza kama wauza samaki," alisema. Kisha akauona ukurasa mkononi mwa Wakui. Hakuuliza umetoka wapi. Hakumuuliza polisi ni nani.

"Ah," alisema. "Hirukawa kafa."

*

Mwalimu alisimulia ndani ya teksi, njiani kwenda Kumoisha, koti limevaliwa juu ya mikono yenye wino, Wakui akiwa amebaki na amri ya kujaza kila kilichokuwa na msalaba.

"Hirukawa alikuwa ananipa namba moja kwenye kadi yake kila wiki. Hata wiki nilizochora ovyo. Lakini chini ya kadi huandika neno moja: 'Mguu wa meza ukurasa wa tano hauwezi kubeba meza hiyo.' Seremala! Nikawa nachora samani kwa kumwogopa. Siku moja Ushio akaniletea kadi. Herufi zimetambaa kama kuku kapita. 'Macho yananiaga. Chapa sasa naona sisimizi tu. Nimesikia mnachora kwa ukubwa zaidi, kisha mashine inapunguza. Ile bahari, ilikuwa kubwa kiasi gani?'"

Teksi ilisimama kwenye taa nyekundu. Mzee alifuta dirisha kwa mkono wa koti, akaacha alama ya wino.

"Wa hifadhini haupelekwi kwa msomaji. Ni kanuni nzuri. Niliitunga mimi na Katsuragi. Basi nikamwambia Ushio: ukishapigwa picha niletee, niutazame wiki moja nichore mwingine. Waambie watu naumwa. Akabisha. Akasema wasomaji milioni mbili wanasubiri. Nikamwambia wao wana macho wiki ijayo. Akatoka nje, akarudi, akasema, 'Nipe brashi.' Nikamwapisha asimwambie mtu. Sikufikiri kiapo kina meno hivyo."

"Hirukawa aliuona?"

"Ushio aliupeleka mwenyewe Nagaoka. Kurasa zetu haziendi kwa posta. Alisema mzee aliushika puani kabisa, akausoma kona kwa kona, kutwa nzima. Kisha akasema kamba ya mzigo wa Oshino imefungwa vibaya."

*

Katsuragi alisimama alipomwona nani anaingia. Bi Nagase alisimama. Ushio, ambaye hakuwa ameondoka kwenye kiti chake tangu asubuhi, aliinuka haraka mno na kugonga goti mezani.

"Mwalimu, kurasa..." alianza.

"Nyamaza wewe," alisema Isurugi. "Katsuragi. Nimechora mimi. Zote mbili."

Katsuragi aliinamia meza, Kuroiwa akauweka ukurasa wa dukani mahali pake, kando ya mwenzake, na mkurugenzi akaangalia mstari wa upepo katika mmoja, kisha katika mwingine. Unaruka. Unaruka vilevile.

"Nilisema ni mkono wako," alisema hatimaye.

"Ulisema kweli. Ulikosea hesabu tu."

"Mara mbili." Alilitamka kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. "Nimekaa katika kazi hii tangu nina nywele. Nimewaona wachoraji wanalala wakiwa wamesimama. Haikunipitia akilini kwamba yupo mmoja angechora ukurasa mara mbili. Kwa mtu mmoja."

"Wasomaji wako ni milioni mbili," alisema Isurugi. "Mimi siwafahamu milioni mbili. Hirukawa nilimfahamu."

Kuroiwa alieleza mengine kwa maneno machache: kadi, wembe uliopinda, misalaba, sikio lililofurika wino. Aliposema mwiko wa uji, masikio ya Ushio yaliwaka.

Katsuragi alizunguka meza mpaka mbele ya kijana yule. Akainama, mgongo wote, na akabaki huko chini muda mrefu kuliko adabu inavyodai. Ushio alihangaika, akainama chini zaidi, na kwa kuwa mezani hapakuwa na nafasi, vichwa vyao viligongana.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Katsuragi akijishika paji. "Kesho ungekuwa barabarani."

"Wasomaji wangejua Mwalimu hakuugua, Bwana Mkurugenzi. Wangesema kawadanganya."

"Mimi nilikuwa nakufukuza, mjinga wewe!"

"Mhariri hamsaliti mwandishi wake. Ulinifundisha wewe. Mwaka wangu wa kwanza, ukanipiga kichwani na *Tsubame* nzima."

"Toleo la mwaka mpya," Bi Nagase alinong'ona. "Lile nene."

Mkurugenzi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Tutawaandikia wasomaji," alisema. "Toleo lijalo, ukurasa wa kwanza. Tuliwaambia Mwalimu anaumwa, haikuwa kweli, radhi. Watasema watakavyosema."

"Andika kwamba sikuwa mgonjwa," alisema Isurugi. "Andika nilikuwa kazini."

"Na huu wa dukani?" aliuliza Kuroiwa. "Mzee Tatebayashi kaununua kwa halali."

"Nitakwenda kwake mwenyewe," alisema Katsuragi, "kwa miguu, na kofia mkononi. Akikubali, nitaupeleka kwa huyo jirani wa Nagaoka aliyekuwa akimsimulia." Aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikawa ya kazi. "Mwalimu. Kurasa za wiki hii zimebaki ngapi?"

Isurugi alianza kuchunguza dari.

"Mwalimu," alisema Ushio.

"Nane," alisema Mwalimu. "Na jino linaniuma."

"Nane!" Katsuragi alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Mashine zinawashwa kesho mchana, nane! Mhariri wake ni nani?"

Ushio alimtazama mkurugenzi, kisha inspekta, kana kwamba swali lile lingeweza kuwa la mtu mwingine.

"Mimi," alisema.

"Basi unafanya nini humu, unainamainama? Mtoe humu, akachore!"

Kuroiwa alilifunga jalada lake, akaenda dirishani. Walikuwa wameshafika barabarani. Ushio amemshika Mwalimu kiwiko, mkono mwingine unaita teksi, na hata kupitia kioo, juu ya honi zote za Kanda, sauti yake ilisikika ikigomba.